Ligi ya Majirani: Somo la Mpira wa Wavu kwa Afrika Mashariki

Upo mchezo mmoja ambao vijana wetu huucheza kwa wingi na magazeti yetu huuandika kwa uchache, nao ni mpira wa wavu. Ukipita jioni katika kambi za majeshi, viwanja vya magereza, vyuo vya ualimu na shule za sekondari, kuanzia Mombasa hadi Kigali na kuanzia Unguja hadi Kampala, hutakosa kukuta nguzo mbili, wavu uliofungwa kati yake, na vijana kumi na wawili wakirushiana mpira huku wenzao wakisubiri zamu pembeni. Mchezo huu hauhitaji ardhi kubwa: mita 18 kwa urefu na mita 9 kwa upana zatosha. Hauhitaji nyasi wala viatu vya gharama. Na kwa kuwa kila timu hukaa upande wake wa wavu, hakuna kukabana miili wala kuangushana, jambo lililoufanya ukubalike hata katika familia ambazo huona haya au hofu kuwaruhusu mabinti kucheza michezo mingine.

Pamoja na hayo, lipo jambo lililotusukuma kuandika makala haya. Vilabu vya Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi hukutana kwa siku chache katika mwaka, kisha kila kimoja hurejea kwao na kukaa miezi mingi kikicheza na wapinzani wale wale wa nyumbani. Mashindano ya wiki moja tunayo. Ligi ya majirani hatuna. Tofauti ya mambo haya mawili yaweza kuonekana ndogo kwa asiyecheza, lakini katika nyumba nyingi ndiyo inayoamua iwapo kipaji cha kijana kitakuwa riziki yake au kitabaki kuwa kumbukumbu ya shuleni.

Tulicho nacho mkononi

Si haki kusema kwamba hakuna lililofanyika. Wanafunzi wetu wa sekondari wana michezo ya FEASSA, inayozikutanisha shule za Afrika Mashariki kila mwaka, na mpira wa wavu umo ndani yake. Hapa Tanzania mtoto huanza na UMITASHUMTA katika shule ya msingi, akapanda UMISSETA akiwa sekondari, na akijaliwa huvuka mpaka akiwa amevaa jezi ya shule yake. Kwa hiyo ngazi ya mwanafunzi ipo na inaeleweka.

Kwa vilabu vya watu wazima, Shirikisho la Mpira wa Wavu la Afrika, CAVB, limeligawa bara letu katika kanda saba, na sisi tumo katika Kanda ya Tano. Kanda hii ina mashindano yake ya vilabu. Mbali na hayo, zipo bonanza za mwaliko zilizojijengea jina. Kampala wana mashindano yaitwayo KAVC International, yanayowavuta wageni kutoka nchi za jirani. Rwanda wana mashindano ya kuwakumbuka wanamichezo wa mpira wa wavu waliouawa katika mauaji ya kimbari ya mwaka 1994, na katika mji wa Huye wana mashindano mengine yaliyopewa jina la Alphonse Rutsindura, mwalimu aliyewafundisha wanafunzi wake mchezo huu, akauawa mwaka huo huo. Wanafunzi wake wa zamani ndio walioamua kwamba jina lake lisizikwe pamoja naye. Kila mwaka wavu unapofungwa pale, mchezo hugeuka kuwa namna ya kumlilia aliyetangulia na kuwafunza walio hai.

Ubora nao upo. Timu ya taifa ya wanawake ya Kenya, Malkia Strikers, imeshiriki Olimpiki za mwaka 2000, 2004, 2020 na 2024. Klabu ya wanawake ya KCB ya Nairobi imekuwa bingwa wa vilabu vya Afrika mwaka 2006, na tena mwaka 2022. Rwanda nayo ilifungua ukumbi wa Kigali wenye nafasi za watu wapatao 10,000 mwaka 2019, na miaka miwili baadaye ukawa mwenyeji wa mashindano ya mataifa ya Afrika ya mpira wa wavu. Ni wazi kwamba tunaishi katika ukanda wenye mabingwa na wenye kumbi.

Basi kasoro iko wapi? Iko katika umbo la mashindano yenyewe. Klabu hukusanya fedha kwa miezi, ikapanda basi, ikakaa barabarani siku moja au mbili, ikafika ikiwa imechoka, ikacheza mechi tatu au nne za makundi mfululizo, na ikishindwa ikarudi. Kocha aliyeona udhaifu wa timu yake siku ya Jumanne hana nafasi ya kuurekebisha, kwa kuwa Jumatano tayari yuko uwanjani tena. Mfadhili naye haoni sababu ya kutoa fedha kwa jambo litakaloonekana kwa siku nane na kusahauliwa kwa siku mia tatu na zaidi. Na mashabiki wa nyumbani, ambao ndio wangelipa kiingilio na kuipenda timu, hawaioni ikicheza na mgeni hata mara moja, kwa sababu mashindano yote yako katika mji mmoja, na mara nyingi mji huo si wao.

Kijiji chenye majina mawili

Waswahili husema fimbo ya mbali haiui nyoka, na kwa klabu ndogo fimbo iliyo karibu ni jirani. Wapo waliolitambua hilo kabla yetu, na ni vyema tutazame walivyofanya. Hao ni watu wa Ulaya ya Kati: Austria, Slovenia, Kroatia, Hungaria, Slovakia na wenzao. Vyama vyao vya mpira wa wavu viliunda umoja unaojulikana kwa kifupi kama MEVZA, na ndani ya umoja huo, takriban miongo miwili iliyopita, wakaanzisha ligi ya vilabu vya nchi zao, ya wanaume na ya wanawake.

Msomaji asidhani kwamba hao ni majirani waliolala usingizi mmoja siku zote. Hadi mwaka 1918 wengi wao walikuwa chini ya dola ya Austria na Hungaria, na dola hiyo ilipovunjika kila upande ulibaki na kinyongo chake. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, mpaka kati ya Austria na jirani zake wa mashariki uliwekwa seng'enge na walinzi wenye bunduki, ukabaki hivyo hadi mwaka 1989. Slovenia na Kroatia zilijitangazia uhuru kutoka Yugoslavia mwaka 1991, na Kroatia ikaingia katika vita vilivyoacha makaburi mengi. Lugha zao nazo ni tofauti: huyu Kijerumani, yule Kihungari, wengine lugha za Kislavi zenye kukaribiana lakini zisizo moja.

Mfano uliotugusa zaidi ni wa klabu ya kijiji kimoja kusini mwa Austria, katika jimbo la Carinthia, karibu na mpaka wa Slovenia. Kijiji hicho kina majina mawili. Wasemao Kijerumani hukiita Aich, na wasemao Kislovenia hukiita Dob, na majina yote mawili hutokana na mti mmoja, mwaloni. Waslovenia wa jimbo lile ni wachache, na kwa miongo mingi walidai haki ya majina ya vijiji vyao kuandikwa kwa lugha zote mbili barabarani. Mwaka 1972 serikali ilipoweka vibao vya lugha mbili, makundi ya watu yalitoka na kuving'oa. Ugomvi huo uliendelea kwa karibu miaka arobaini, hadi mwaka 2011 ulipofikiwa mwafaka na sheria ikaruhusu vibao hivyo katika maeneo 164.

Katika mazingira kama hayo, klabu ya kijiji iliitwa Aich/Dob, majina yote mawili, kwenye jezi moja. Kwa miaka mingi mbele ya jina hilo liliwekwa neno Posojilnica, ambalo kwa Kislovenia maana yake ni chama cha kuweka na kukopa. Yaani fedha za wanachama wa kawaida, kama vyama vyetu vya akiba na mikopo, ndizo zilizobeba timu. Klabu hiyo ya kijijini ikaingia katika ligi ya majirani na kucheza na vilabu vya miji mikuu. Kwa familia za pale, mechi dhidi ya klabu ya Ljubljana ni mechi ya kimataifa na ya nyumbani kwa wakati mmoja.

Hatudai kwamba mpira ndio uliomaliza ugomvi wa vibao. Uliomalizwa na mazungumzo na sheria, na mpira usipewe sifa isiyo yake. Tunachosema ni kwamba kabla ya sheria kupatikana, walikuwepo watu waliokwisha kuandika majina mawili mahali pamoja bila kuumizana, na watoto wao walikua wakiyaona hivyo.

Ligi ile inavyoendeshwa

Ufundi wa ligi ya Ulaya ya Kati haukuwa katika fedha, bali katika kupanga kalenda. Kila nchi ina ligi yake ya taifa, na hakuna iliyokubali kuiua. Walichofanya ni kugawana msimu. Katika nchi kama Austria na Slovenia, vilabu vichache vyenye nguvu vilitolewa katika hatua ya kwanza ya ligi ya nyumbani ili vicheze na majirani. Vilabu vingine vilibaki vikishindana vyenyewe kwa vyenyewe nyumbani, na hatua ya mwisho ya kutafuta bingwa wa taifa ilipofika, wale wakubwa walirejea. Hivyo klabu kubwa ilipata wapinzani wa kuipima, na klabu ndogo ikapata nafasi ya kushinda mechi badala ya kufungwa seti tatu kwa bila kila wiki. Ligi ya majirani nayo ilimalizika kwa vilabu vya juu kukutana katika mji mmoja kutafuta bingwa.

Jiografia pia iliwasaidia. Kutoka Vienna hadi Bratislava hakufiki kilomita 100, na kutoka Ljubljana hadi Zagreb ni kilomita 140 hivi. Timu hutoka asubuhi, ikacheza jioni, na wachezaji wakalala vitandani mwao.

Matunda yake? Tazameni Slovenia, nchi yenye watu milioni mbili tu, pungufu ya idadi ya wakazi wa Dar es Salaam. Klabu yake ya ACH Volley, ambayo wakati huo ilikuwa na makao katika mji mdogo wa Bled, mwaka 2010 ilifika nne bora ya Ligi ya Mabingwa wa Ulaya katika mji wa Łódź, Poland. Timu yake ya taifa ya wanaume ikashika nafasi ya pili ya Ulaya mwaka 2015, ikarudia mwaka 2019 na tena 2021, na mwaka 2024 ikacheza Olimpiki kwa mara ya kwanza. Makocha wazuri, shule na juhudi za wachezaji wenyewe zina fungu lao katika hayo. Lakini nchi ndogo hivyo, ambayo ligi yake ya ndani haiwezi kuwa na timu kali zaidi ya mbili au tatu, isingepata wapinzani wa kutosha kama isingevuka mpaka.

Mipaka yetu na hesabu ya safari

Tukirudi kwetu, msomaji atasema: "Ulaya ni Ulaya, sisi barabara zetu ni ndefu." Ni kweli. Kutoka Dar es Salaam hadi Kigali ni zaidi ya kilomita 1,300, na kutoka Nairobi hadi Kampala ni kama 650. Tena mipaka yetu haitabiriki. Mpaka wa Gatuna kati ya Rwanda na Uganda ulifungwa Februari 2019, na haukufunguliwa hadi mwisho wa Januari 2022. Januari 2024 Burundi ilifunga mipaka yake ya nchi kavu na Rwanda. Mpaka wa namna hiyo ukifungwa, timu ya Bujumbura inayokwenda Kigali, safari ambayo kwa kawaida haifiki kilomita 300, hulazimika kuzunguka kupitia Kabanga na Rusumo upande wa Tanzania. Vijana hawakuwa na neno katika ugomvi wa wakubwa, lakini wao ndio hulipa nauli yake.

Hata hivyo, ramani yetu ina majirani wa karibu kuliko tunavyodhani. Kutoka Tanga hadi Mombasa kupitia Horohoro hakufiki kilomita 200. Arusha na Nairobi zimetenganishwa na kilomita zipatazo 270, na pale Namanga maofisa wa nchi mbili hukaa katika kituo kimoja, mtu akagongewa pasi mara mbili chini ya paa moja. Bukoba iko karibu zaidi na Kampala kuliko na Dodoma. Ligi ya majirani haina lazima ya kuanzia katika miji mikuu. Yaweza kuanzia katika miji ya mipakani, mahali ambapo watu tayari wameoana, wanafanya biashara pamoja na wanaongea Kiswahili kimoja.

Tufanye hesabu kidogo. Tuseme kuna vilabu 8. Vikicheza nyumbani na ugenini, kila kimoja kitacheza mechi 14, na saba kati ya hizo zitakuwa safari. Hilo ni zito kwa hali zetu. Lakini vilabu hivyo vikigawanywa katika makundi mawili ya vilabu vinne, kila kundi likakutana katika mji mmoja kwa siku tatu, kila klabu itapata mechi 3. Zoezi hilo likirudiwa mara tatu kwa msimu, makundi yakibadilishwa kila mara, kila klabu itakuwa imecheza mechi 9 kwa safari tatu, na itakayokuwa mwenyeji mara moja itasafiri mara mbili tu. Miji sita itakuwa imeonja mechi za kimataifa katika msimu mmoja. Kati ya kituo na kituo kocha atakuwa na wiki sita au nane za kurekebisha makosa. Mwisho, vilabu vinne vya juu vitakutana kutafuta bingwa.

Msafara wa klabu ni wachezaji 12 hadi 14, kocha na msaidizi wake, mtabibu na kiongozi; wote huenea katika basi dogo moja. Mwenyeji akitoa malazi ya bweni la chuo na chakula, kama tunavyofanya kwa wageni wa maulidi na mashindano ya Qur'ani, gharama kubwa itakayobaki ni mafuta. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, na mama lishe, mwenye nyumba ya wageni na dereva wa bodaboda wa mji mdogo wote watapona siku hizo tatu.

Hata mpango wa mechi waweza kutuafiki. Makundi ya vilabu vinne huwa na mechi mbili kwa siku. Siku ya Ijumaa zikianza baada ya sala ya Alasiri, hakuna mchezaji wala mtazamaji atakayekosa sala ya Ijumaa. Na kwa kuwa Ramadhani husogea takriban siku 11 kila mwaka, kalenda yaweza kupangwa mapema ili mwezi huo uwe kipindi cha mapumziko. Yanahitaji tu kusemwa mezani kabla ya ratiba kuchapishwa, maana ratiba ikishachapishwa kila ombi huonekana kuwa usumbufu.

Kijana anapata nini?

Sasa tuje kwenye jambo linalowahusu wazazi. Vilabu vikubwa vya ukanda wetu, ukivitazama majina, vingi ni vya taasisi: majeshi, polisi, magereza, benki, bandari, mashirika ya umeme na kodi, na vyuo vikuu. Maana yake ni kwamba mpira wa wavu kwetu ni mlango wa ajira na wa masomo. Kijana hachukuliwi ili alipwe mamilioni; huchukuliwa kuwa askari, karani au mwanafunzi mwenye nafuu ya ada, naye akicheza jioni. Kwa familia ya kawaida hiyo ni riziki ya kudumu kuliko ndoto za michezo yenye majina makubwa.

Lakini mlango huo hufunguliwa kwa anayeonekana. Binti wa Tanga aliyemaliza kidato cha nne, mrefu, mwenye mkono mzuri wa kupiga, aliyefika hadi michezo ya shule za Afrika Mashariki, akirudi nyumbani hana pa kuonekana tena. Klabu ya karibu haina mechi. Miaka miwili ikipita, kipaji kimekwisha. Kama Mombasa na Tanga zingekuwa katika ligi moja, makocha wa pande mbili wangemwona mara tatu kwa mwaka bila yeye kuihama nyumba ya wazazi wake. Hilo ndilo lililo hatarini katika mjadala huu. Vikombe ni jambo la baadaye.

Maswali ya wazazi yajibiwe

Tunajua kwamba katika familia nyingi jibu la kwanza litakuwa hapana, hasa kwa mabinti, na hatuwalaumu wazazi. Maswali yao ni ya haki: Atavaa nini? Atasafiri na nani? Atalala wapi? Nani atajibu likitokea la kutokea?

La mavazi limekwisha kupata mfano mbele ya dunia nzima. Katika Olimpiki ya Rio de Janeiro mwaka 2016, Doaa Elghobashy wa Misri alicheza mpira wa wavu wa ufukweni akiwa amevaa hijabu, mikono mirefu na suruali ndefu, katika mchezo ambao watu wengi waliudhani hauwezi kuchezwa ila kwa vazi la kuogelea. Yeye na mwenzake Nada Meawad walipoteza mechi yao ya kwanza dhidi ya Wajerumani, lakini hakuna aliyeweza kusema kwamba vazi lilimzuia kuruka. Ikiwa mchanga wa Copacabana ulimpokea, sakafu ya ukumbi wa Tanga haina sababu ya kumkataa mwenzake. Kinachotakiwa ni kanuni za ligi ziandike wazi kwamba vazi la stara linaruhusiwa, ili binti asisimame pembeni akisubiri huruma ya mwamuzi.

Maswali ya safari na malazi ni mazito zaidi, na hayajibiwi kwa mfano wa Olimpiki. Hapa tunasema bila kuficha: klabu yoyote ya wanawake inayosafiri bila mlezi wa kike mtu mzima, anayejulikana na wazazi, haifai kukabidhiwa mtoto wa mtu. Malazi ya wasichana yawe ya peke yao. Kocha asiwe ndiye mwenye ufunguo wa vyumba, wala asiwe ndiye pekee anayepokea malalamiko. Wazazi wapewe ratiba ya safari kwa maandishi, na namba ya mtu wa kupigiwa usiku. Masharti haya humlinda mtoto wa kila dini, na humlinda pia kocha mwadilifu dhidi ya tuhuma za uongo. Ligi itakayoyaandika tangu mwanzo itapata mabinti wengi. Itakayoyapuuza itabaki ikishangaa kwa nini wanaacha kucheza wakifika miaka kumi na sita.

Wapo wazazi ambao hata baada ya majibu hayo hawataridhika na binti kucheza mbele ya watazamaji mchanganyiko. Rai yao iheshimiwe. Hakuna kinachozuia vituo vya wanawake kutengewa vipindi vya watazamaji wanawake na familia zao, kama kumbi zetu za harusi zifanyavyo kila wiki. Waamuzi wanawake, waandishi wa alama wanawake na walimu wa michezo wanawake tunao, wanahitaji kuitwa.

Pa kuanzia

Tusisubiri mashirikisho ya nchi tano yakubaliane juu ya kila kipengele. Vyama vya mikoa miwili inayopakana vyaweza kuomba kibali na kuanza na vilabu vinne, viwili huku na viwili kule, mara mbili kwa mwaka. Viandike matokeo, vihifadhi hesabu za fedha, na viandike pia mambo yaliyokwama pale mpakani: karatasi gani ilitakiwa, ada gani ililipwa, saa ngapi zilipotea. Daftari hilo, likipelekwa kwa wakubwa baada ya misimu miwili, litasikika kuliko hotuba.

Nasi wazazi tuna sehemu yetu. Tuulize katika shule za watoto wetu kama wavu upo na kama kuna mwalimu anayejua kuufundisha. Wenye mabweni na kumbi, zikiwemo taasisi zetu, wafikirie kuwapokea wageni wa siku tatu. Wenye mabasi wafikirie nauli ya nafuu kwa msafara wa vijana. Na kijana akija na barua ya safari, tusiitie sahihi bila kuisoma, wala tusiichane kabla ya kuisoma. Tuisome, tuulize maswali yale manne, na tukipata majibu ya kuridhisha, tumfungie begi lake na kumwombea dua ya safari njema.